Stata Haina Kosa, Meno ya Flaiwili Ndiyo Yamelika

Land Rover ya zamani ikigoma kuwaka, wa kwanza kulaumiwa ni betri. Betri ikipimwa ikaonekana nzima, lawama inahamia kwa stata. Inafunguliwa, inapelekwa kwa fundi umeme, inabadilishwa kaboni, inapigwa rangi nyeusi na kurudishwa iking'aa. Gari linawaka siku hiyo na siku zinazofuata. Kisha asubuhi moja, tena mbele ya wakwe, unasikika mkwaruzo ule ule: stata inalia, chuma kinasaga chuma, na injini haijageuka hata robo. Watu wanashuka kusukuma.

Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Gari likiwa kwenye gia linasogezwa kidogo tu, dereva anajaribu tena, na stata iliyokuwa ikilia bure inashika mara moja. Stata mbovu haiponi kwa kusogezwa nusu hatua. Kilichobadilika ni upande wa flaiwili ulioelekea stata, na huko ndiko ugonjwa uliko.

Flaiwili ni gurudumu zito la chuma cha kusubu lililofungwa kwenye ncha ya nyuma ya krenki, kati ya injini na klachi. Ukingoni mwake limevishwa pete ya chuma cha pua yenye meno. Mafundi wetu wanaiita ringi gia. Dereva akibonyeza stata, pinioni ndogo yenye meno tisa au kumi inarukia meno ya pete hiyo na kuizungusha, na injini nzima inageuka nayo. Pete yenyewe si kifaa cha bei kubwa. Tatizo ni makao yake: huwezi kuigusa kabla ya kutenganisha injini na giaboksi. Ndiyo maana watu wanaahirisha, na kila anayeahirisha anaendelea kulipia stata, betri na nguvu za majirani. Msimamo wangu ni kwamba kazi hii inaogopwa kupita kiasi. Akili inayohitajika ni ndogo. Kinachohitajika ni subira, mikono miwili ya ziada, na kulielewa joto.

Kwanza tujue kwa nini meno hayo hayaliki sawasawa. Injini ya petroli ya lita 2.25, yaani sentimita za ujazo 2,286, iliingia katika Land Rover Series II mwaka 1958 na ikaendelea, kwa marekebisho ya hapa na pale, hadi Series III ilipoacha kutengenezwa mwaka 1985. Ni injini ya silinda nne. Katika kila nusu mzunguko wa krenki kuna silinda moja inayogandamiza hewa. Ukizima swichi, flaiwili huendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki, huvuka mgandamizo mmoja, pengine wa pili, hadi inapokutana na ule isioweza kuuvuka. Pistoni inasukumwa kurudi kidogo, injini inatulia. Kwa kuwa migandamizo hiyo ni miwili tu kwa kila mzunguko, injini husimama karibu siku zote katika mojawapo ya nafasi mbili zinazotazamana. Kesho asubuhi pinioni inagonga meno yale yale iliyoyagonga jana na juzi.

Ukiivua pete ya gari lililofanya kazi miaka mingi, utaiona hadithi hiyo kwa macho. Sehemu mbili zimelika hadi meno yamebaki vigutu, na katikati yake kuna meno mazima kabisa, yenye pembe zake za kiwandani, ambayo huenda hayajaguswa sana tangu gari litoke kiwanda cha Solihull. Injini ya silinda sita hulika sehemu tatu, ya silinda nane sehemu nne. Na wenye dizeli wasijione wamesalimika. Dizeli ya ukubwa huo huo hugandamiza hewa kwa uwiano wa 23 kwa 1, wakati petroli ni 7 au 8 kwa 1, kwa hiyo kila uwashaji wa dizeli ni mzigo mzito zaidi kwa pinioni na kwa pete.

Zamani hapakuwa na meno ya kulika, palikuwa na mikono ya kuvunjika. Gari liliwashwa kwa hendeli iliyochomekwa mbele, na injini ikipiga nyuma, hendeli ilimrudia aliyeishika kwa nguvu ya kuvunja mfupa wa mkono. Wazee waliopiga hendeli malori wanajua kwa nini kidole gumba hulazwa upande mmoja na vingine badala ya kuuzunguka mpini. Aliyebadilisha mambo ni Mmarekani Charles Kettering. Kabla ya magari alikuwa ameshaunda mota ya umeme kwa ajili ya mashine za kuhesabia fedha dukani, na kutokana na kazi hiyo alielewa jambo ambalo wahandisi wengi walilipuuza: mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo unaozidi uwezo wake, mradi iwe kwa sekunde chache. Cadillac za mwaka 1912 ndizo zilizotoka kiwandani na stata yake. Muda mfupi baadaye Vincent Bendix akaleta pinioni inayojiingiza na kujitoa yenyewe, na Chevrolet ikaanza kuitumia mwaka 1914. Hadi leo fundi wa mtaani, hata asiyejua kwamba Bendix alikuwa mtu, atakuambia bendiksi yako imekwisha.

Pinioni ya Bendix imekaa juu ya mhimili wenye nyuzi za skrubu. Mota ikiruka ghafla kuzunguka, pinioni kwa uzito wake inachelewa kufuata, na kwa kuchelewa huko inatembea juu ya nyuzi mpaka inaingia kwenye meno ya pete. Injini ikiwaka, pete inageuka kuwa ndiyo inayoisukuma pinioni, nayo inarudishwa nyumbani kwake kwa nyuzi zile zile. Ni werevu mtupu, na stata ya Lucas iliyofungwa kwenye Land Rover nyingi za petroli hufanya kazi hivyo. Lakini werevu huo una gharama. Pinioni inafika kwenye pete ikiwa tayari inazunguka, kwa hiyo kila uwashaji ni kipigo. Stata za baadaye zinaingiza pinioni kwanza ndipo zinapeleka umeme mkubwa, na pete zake hudumu zaidi.

Sisi nasi tunaongeza madhara kwa mikono yetu. Fundi anaona nyuzi za bendiksi zimekauka, anazipaka grisi nene. Grisi hiyo ikikutana na vumbi la Namanga au la Dodoma inageuka kuwa tope la kusagia. Pinioni inakwama njiani, inaingia nusu, na nusu ya jino ndiyo inayobeba mzigo wote. Bendiksi ya aina hii husafishwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa, na ikilazimu hupewa tone la oili nyepesi tu. Bolti za stata zilizolegea na bushi ya mbele iliyolika ni maadui wengine, kwa kuwa zinaiacha pinioni iingie ikiwa imeinama. Cheche iliyotangulizwa mno ni mbaya kuliko vyote: injini inapiga nyuma wakati pinioni iko ndani, na jino zima linaweza kukatika.

Kuthibitisha ugonjwa hakuhitaji kushusha chochote kizito. Ondoa waya wa betri. Fungua stata, itoe. Mulika kwa tochi kwenye tundu ililotoka, utaona meno machache ya pete. Ondoa plagi ili injini isigandamize hewa, chomeka hendeli mbele, kisha mwombe mtu aizungushe polepole huku ukitazama jino baada ya jino. Land Rover za Series zina neema hii ya hendeli ambayo magari ya leo hayana. Pembe za meno zikiwa zimeviringika kidogo tu, badilisha pinioni, safisha, uendelee kutembea. Ukikuta meno yaliyomeguka hadi theluthi ya upana wake, au yaliyonolewa mpaka yamekuwa kama ya msumeno, hakuna dawa nyingine: pete lazima ibadilishwe. Na mzunguko mzima ukaguliwe, kwa sababu sehemu mbili zilizoharibika ziko mbalimbali, na mtu akitazama mahali pamoja tu anaweza kuapa kuwa meno ni mazima.

Sasa swali linalogawanya gereji: utoe giaboksi au utoe injini? Katika Land Rover za Series, giaboksi pamoja na transfa yake hutolewa kupitia ndani ya gari. Unaondoa viti, sanduku la viti, sakafu na kifuniko cha katikati, kisha unainyanyua kwa winchi na kuipitisha mlangoni. Kwenye karatasi inasikika rahisi. Kwenye gari lenye umri wa nusu karne, skrubu za chuma zimekaa ndani ya bodi ya alumini tangu ujana wake, zimeshikana kwa kutu, na kila moja ni kesi inayojitegemea. Mimi naunga mkono wanaotoa injini. Ukiondoa boneti, rejeta na ubao wake wa mbele, injini inakuja mbele kwa cheni bloku iliyofungwa kwenye boriti imara, na giaboksi inabaki mahali pake ikiwa imeegemezwa kwa jeki. Unalipia kwa kufungua mabomba na nyaya nyingi zaidi, lakini sakafu haiguswi. Mwenye gari ambalo sakafu yake tayari ilishafunguliwa na kupakwa grisi skrubu zake ana haki ya kuamua vingine.

Klachi ikitoka, piga alama ya ponchi kwenye presha pleti na kwenye flaiwili ili virudi vilivyokuwa. Flaiwili yenyewe nayo iwekewe alama dhidi ya krenki. Katika nyingi za injini hizi alama za kupanga cheche zimechongwa kwenye flaiwili, na flaiwili iliyofungwa vibaya itamdanganya kila fundi atakayepanga cheche baada yako. Kisha, kabla hujafikiria nyundo, tazama meno ya pete ya zamani: upande mmoja yamekatwa mshazari ili kuirahisishia pinioni njia ya kuingia. Andika kwa chaki upande huo ulitazama wapi. Nimeona kazi safi ikirudiwa yote kwa sababu pete mpya ilivishwa kinyume.

Pete ya zamani haitolewi kwa moto wala kwa kubembelezwa. Toboa kwa drili katikati ya meno mawili, karibu na shina lake, ukisimama kabla ncha haijagusa flaiwili. Funika kwa gunia, vaa miwani ya kukinga macho, weka tindo juu ya tundu na upige pigo moja la kiume. Pete inapasuka kwa mlio mkali kwa sababu imekaa ikiwa imejibana tangu siku ilipovishwa, na vipande vinaweza kuruka. Baada ya hapo inatoka kwa mkono. Kiti chake kwenye flaiwili kisafishwe kwa brashi ya waya hadi kubaki chuma kitupu. Chembe ya kutu yenye unene wa ukucha itatosha kuifanya pete ikae upande.

Ndipo tunafika kwenye joto, na hapa nitakawia.

Pete mpya ni ndogo kuliko mahali inapokwenda. Hiyo ni makusudi. Haifungwi kwa bolti wala haichomelewi. Inashikilia kwa kujibana peke yake. Tofauti huwa sehemu ndogo ya milimita, lakini huwezi kuilazimisha kwa nyundo ikiwa baridi. Chuma cha pua hutanuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Chukua pete yenye kipenyo cha milimita 300 na uipashe nyuzi 200 juu ya joto la karakana: itapanuka kwa milimita 0.72. Hiyo ni nafasi tosha ya kuidondosha mahali pake kwa uzito wake wenyewe. Ikipoa inarudi kutaka udogo wake wa awali, inaikuta flaiwili ndani yake, na inaikumbatia kwa nguvu ambayo stata haitaweza kuishinda.

Mbinu hii ni ya kale kuliko magari. Mafundi wa mikokoteni wa Ulaya walivisha magurudumu ya mbao vyuma vilivyotoka motoni. Reli nazo ziliitumia: gurudumu la garimoshi la mvuke lilikuwa na bangili ya chuma cha pua iliyovishwa ya moto, ili ikilika ibadilishwe bangili tu na gurudumu libaki. Anayepita Nairobi aingie Makumbusho ya Reli, asimame mbele ya yale magarimoshi makubwa ya daraja la 59, yaliyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mawili yamehifadhiwa pale, Mount Gelai na Mount Shengena, na yote mawili, kwa bahati, yanabeba majina ya milima ya Tanzania. Mabingwa wa karakana za reli waliomudu kazi ya vyuma vikubwa namna hiyo wasingeshtushwa na pete ya Land Rover.

Swali kubwa ni kiasi cha joto. Meno ya pete yamekaushwa kwa moto kiwandani ili yawe magumu, na ukiipasha kupita kiasi unayalainisha. Utakuwa umeweka pete mpya yenye meno ya risasi. Vitabu vya mafundi havikubaliani hata kidogo. Kitabu cha BMC kwa gari la MGB kinaruhusu nyuzi 300 hadi 400 na kinamwambia fundi atafute rangi ya buluu nyepesi, wakati vitabu vya watengenezaji wengine vinamsimamisha chini ya 250. Mwenye kitabu cha injini yake akifuate. Asiye nacho aishie chini, kwa sababu hesabu ya hapo juu inaonyesha kwamba nyuzi 220 au 230 zinatosha.

Nyuzi hizo zinapimwaje bila kipimo? Kwa rangi, kama wahunzi wanavyofanya. Sugua sehemu ndogo ya pete kwa msasa mpaka ing'ae, kisha ipashe mahali pasipo na jua kali. Rangi ya kwanza kutokea ni manjano ya nyasi kavu, karibu nyuzi 220. Ikikolea inakuwa kahawia, karibu 260, halafu zambarau, halafu buluu ikifika 300 hivi. Ukiona wekundu wa kaa la moto, umeshaiua, itupe. Njia nyingine ni kugusisha waya wa risasi ya kuunganishia nyaya: ile ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kidogo chini ya nyuzi 200, kwa hiyo ikiyeyuka mara moja kila upande wa pete unajua umekaribia.

Oveni ya jikoni ndiyo bora kuliko vyote, kwa sababu inapasha pete nzima kwa usawa, ingawa mazungumzo na mwenye jiko yafanyike mapema. Pasipo oveni, jiko kubwa la mkaa na bamba la chuma juu yake vinafaa: pete ilazwe juu ya bamba na igeuzwe mara kwa mara. Moto wa gesi unahitaji mkono usiotulia mahali pamoja, ukizunguka pete yote kwa upande wa ndani, mbali na meno. Wanaotaka uhakika zaidi huiweka flaiwili ndani ya friza usiku kucha ili nayo ijikunyate kidogo. Haidhuru, ila ifutwe umande kabla ya kazi.

Kuvisha ni suala la pumzi chache. Flaiwili ilazwe sakafuni, imetulia, upande wa kiti ukitazama juu. Watu wawili wenye glavu nene na koleo wainyanyue pete, waishushe ikiwa sawasawa, na mwenye nyundo ya shaba awe tayari kuigonga taratibu kuzunguka mpaka ikae chini kabisa kwenye bega lake. Ikishika ikiwa imeinama hairekebishiki, inapasuliwa na kununuliwa nyingine. Ikishakaa, watu waondoke. Isimwagiwe maji. Maji yanaifanya ngumu na yenye kuvunjika upesi, na yanaweza kuipasua flaiwili. Ipoe kwa hewa, kisha fila geji ipitishwe pande zote kuhakikisha hakuna uwazi kati ya pete na bega.

Nimewaeleza hayo yote ili niseme hili kwa uzito unaostahili: msikubali kuchomelewa meno. Ni huduma inayopatikana kirahisi, ina bei nafuu, na inaonekana ya kishujaa. Fundi anajaza meno yaliyolika kwa welda, anayachonga kwa tupa, gari linawaka jioni ile ile. Lakini chuma alichojaza hakina ugumu wa meno ya awali, na pembeni yake moto umeacha mpaka ulio mgumu na mwepesi kukatika. Zaidi ya hapo joto la mahali pamoja linailegeza pete kwenye kiti chake, na pete iliyolegea huzunguka peke yake huku flaiwili ikibaki imesimama. Wapo wanaotibu hilo kwa kuichomelea pete kwenye flaiwili. Flaiwili ni chuma cha kusubu, haipendi welda, inapata nyufa. Nayo inazunguka mizunguko elfu kadhaa kwa dakika, futi chache kutoka miguuni mwa dereva. Sioni fedha iliyookolewa hapo.

Kuna njia moja ya dharura ninayoiheshimu. Kwa kuwa injini ya silinda nne hulika sehemu mbili zinazotazamana, pete inaweza kupashwa, kugongwa itoke bila kupasuliwa, na kurudishwa ikiwa imegeuzwa robo mzunguko, ili meno mazima yachukue zamu. Mafundi wa vituo vya mbali waliishi kwa maarifa ya namna hiyo. Pete iliyotumika hushika kwa nguvu pungufu, kwa hiyo ni dawa ya aliye Loliondo bila spea, na si ya mtu anayeweza kuagiza mpya.

Wenye Volkswagen za mgongo wa kobe nao wasinifuate bila kutazama. Katika injini hiyo meno yamechongwa kwenye flaiwili yenyewe, hakuna pete ya kuvua. Yakilika inabadilishwa flaiwili nzima, na lazima ujue gari lako ni la umeme gani: za volti 6 zilikuwa na flaiwili ya meno 109, za volti 12 zina ya meno 130. Afadhali yao ni kwamba injini inashuka kwa bolti nne.

Kwa kuwa tayari umeshatenganisha injini na giaboksi, ni uvivu kufunga bila kutazama vingine. Bushi ndogo ya shaba iliyo katikati ya ncha ya krenki, inayoshika mhimili wa giaboksi, ibadilishwe hata kama inaonekana nzima. Klachi pleti na beringi yake zipimwe. Uso wa flaiwili ukiwa na nyufa za joto au mifereji, upelekwe kwa fundi mkerezaji kabla ya pete kuvishwa. Sili ya nyuma ya krenki ni ya kukaguliwa kwa jicho la hasira. Chini ya kasha la flaiwili la Land Rover kuna tundu dogo lenye kizibo chake cha kuvukia maji. Kizibo hicho huwekwa gari linapopita mtoni na hutolewa baadaye, ili oili ikivuja idondoke chini badala ya kulowesha klachi. Magari mengi yamepoteza kizibo, mengine kimebaki humo miaka yote. Ukikuta oili imejaa pale, umeshapata kazi ya pili.

Na pinioni mpya iwekwe pamoja na pete mpya. Pinioni iliyozoea meno mabovu huyafundisha mapya ubovu wake.

Magari haya hayajafa kwetu. Kiwanda cha Leyland kule Thika kiliyaunganisha, idara za wanyamapori na misheni ziliyatumia mpaka yakachoka, na Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha zima kwa heshima yake, msafara ukajaa barabara. Katika misafara ya namna hiyo utawaona wenye magari yaliyopakwa rangi mpya na kung'arishwa mpaka kioo, wakiyaegesha kwenye mteremko. Rangi ingesubiri. Fedha ya kopo moja la rangi nzuri ingeelekezwa kwenye pete na siku mbili za fundi.

Pete bado zinatengenezwa, na wauza spea wa Gerezani jijini Dar es Salaam na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi wanaweza kuzitafuta au kuziagiza. Usiagize kwa kusema tu "ya Land Rover". Peleka namba ya injini, sema ni petroli au dizeli, pima kipenyo cha kiti chake kwenye flaiwili, na kama pete ya zamani bado iko nzima mkononi mwako, ihesabu meno yote, kisha mwambie muuzaji ahesabu ya kwake kabla hujatuma fedha.